Mdudu Aliyebandikwa Ukoo

Siku hizi ugomvi wa "mtoto ni wa nani" huishia kwa maneno mawili: twende DNA. Matokeo yakitoka, kesi imekwisha. Nami niliamini hivyo hivyo, ati DNA haikosei, mpaka niliposoma kisa cha wadudu wanaoitwa Strepsiptera.

Jina hilo, lenye maana ya mabawa yaliyosokotwa, walipewa na kasisi Mwingereza William Kirby mwaka 1813. Ni vimelea. Katika aina nyingi, jike huishi ndani ya mwili wa nyuki, nyigu au mdudu mwingine, bila mabawa wala miguu. Dume hutoka, huruka saa chache akimtafuta jike, kisha hufa.

Sasa huyu ni ndugu ya nani? Waliochunguza maumbile walitazama mabawa. Dume huruka kwa mabawa ya nyuma, sawa na mbawakawa, ambao mabawa yao ya mbele yamegeuka magamba magumu. Roy Crowson wa Glasgow, bingwa wa mbawakawa, aliwaingiza moja kwa moja ndani ya oda ya mbawakawa.

Lakini mabawa ya mbele ya dume huyu si magamba. Ni virungu vidogo vya kumzuia asiyumbe hewani, kama vya nzi. Tofauti ni kwamba vya nzi viko nyuma. Mwaka 1994, Whiting na Wheeler wakatangaza kwamba jeni ya ribosomu inawaweka Strepsiptera kando ya nzi. Na virungu kuwa mbele? Wakasema huenda badiliko moja la kijenetiki lilihamisha sehemu za kifua. Maabara imesema. Nani abishe, mtu wa lenzi na pini?

Wapo waliobisha, Carmean na Crespi wakiwa wa kwanza, 1995. Shida ilikuwa hesabu. Kumbuka KCPE: A, B, C, D. Wanafunzi wawili wa shule tofauti, wote hawakusoma, wakibahatisha maswali 100, kama 25 hivi yatafanana. Msahihishaji mwenye haraka atasema walinakiliana. DNA nayo ina herufi nne tu. Koo mbili zikibadilika kwa kasi, herufi zao hugongana kwa bahati, na kompyuta inaona undugu. Joseph Felsenstein alikuwa ameonya kuhusu mtego huu tangu 1978.

Jibu lilikuja 2012, kupitia jenomu ya Mengenilla moldrzyki, mdudu wa kundi hilo kutoka Tunisia. Jamaa wao wa karibu zaidi ni mbawakawa. Si ndani ya oda yao, kama alivyodai Crowson, bali ni ndugu walioachana zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Crowson mwenyewe alifariki 1999. Hakuwahi kujua jinsi alivyokaribia.

Kipimo cha baba na mtoto kinapima kizazi kimoja tu, hicho sina neno nacho. Kinachonikaa moyoni ni yule mtu wa pini, aliyekaribia kuambiwa kazi yake imepitwa na wakati, kumbe ushahidi wake ulikuwa mzuri. Siku hizi nikisikia "DNA imesema", nauliza kwanza: imesema kwa jeni ngapi?