Magugu ya Bibi, Maua ya Wazungu

Kwetu Maposeni, Jumamosi nilikuwa nikitumwa bondeni kung'oa majani ili bibi apande mboga. Bua lake lina pembe tatu, na juu limetawanya majani kama njiti za mwavuli. Tuliyaita magugu, basi.

Nilipokuwa chuoni nikayakuta kwenye kitabu cha bustani za Ulaya: Cyperus involucratus, mmea wa Afrika. Mdenmark Rottbøll aliuandika kwa jina hilo mwaka 1772. Huko kwenye baridi unatunzwa ndani ya nyumba za vioo, chungu kimekalishwa majini.

Ndugu yake ni mafunjo, yaliyowapa Wamisri karatasi takriban miaka 5,000 iliyopita. Karatasi ya kitambaa ilipoingia, mafunjo hayakutunzwa tena, yakakaribia kutoweka Misri. Miaka ya 1960 Hassan Ragab akayarudisha kwa miche ya kutoka Sudan.

Mwaka jana nilirudi Maposeni. Bibi hayupo, na bonde limelimwa hadi ukingoni mwa maji. Sikuona hata bua moja. Nilipofika Dar, nikanunua mche wake kwa muuza maua wa barabarani. Nililipa bila kubishana bei.