Matabaka ya Intaneti na Historia ya Kufungwa kwa Mtandao Uganda, 2016–2021

Historia ya intaneti nchini Uganda husimuliwa zaidi kwa majina ya kampuni na ya wanasiasa. Mimi naona inaeleweka vizuri zaidi tukiisoma kwa matabaka. Mwaka 1984 Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lilitoa modeli ya OSI yenye matabaka saba. Modeli ya TCP/IP, ambayo mtandao wa ARPANET wa Marekani ulihamia tarehe 1 Januari 1983, huelezwa kwa matabaka manne, na ndiyo iliyoenea duniani. Idadi isitusumbue. Chini kabisa kuna nyaya na mawimbi. Juu yake IP, yenye anwani. Halafu TCP, inayohakikisha pakiti zimefika zote na kwa mpangilio. Juu kabisa programu tunazozishika, kama WhatsApp. Kila tabaka hufanya kazi yake bila kuchungulia mambo ya jirani.

Mtu wa hapa Ntinda akimtumia ndugu yake mzigo Mbale, wa boda anahitaji kujua kituo cha basi tu, na kondakta anahitaji kujua mji na jina la mpokeaji. Hakuna anayeufungua. Ndiyo maana kebo ya SEACOM ilipofika Mombasa Julai 2009 na Uganda ikaanza kuachana na setilaiti, hakuna aliyelazimika kuandika upya programu ya barua pepe. Barabara ilibadilika, mzigo ukabaki uleule.

Sasa tuje kwenye siasa. Siku ya uchaguzi, tarehe 18 Februari 2016, Tume ya Mawasiliano (UCC) iliamuru Facebook, Twitter na WhatsApp zifungwe. Amri hiyo ililenga tabaka la juu peke yake. Nyaya na anwani ziliendelea kufanya kazi. Watu wakapakua VPN. Programu hiyo huchukua pakiti ya WhatsApp, huifunga kwa siri ndani ya pakiti nyingine, kisha huandika nje anwani ya kompyuta iliyo ng'ambo. Mlinzi wa langoni anasoma anwani ya nje, haoni kosa, anaipitisha. Kwa maoni yangu, hapo serikali ilishindwa na muundo wenyewe wa mtandao kabla ya kushindwa na ujanja wa vijana.

Tarehe 1 Julai 2018 jambo lilelile lilirudi kwa sura ya fedha: kodi ya OTT, shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Nayo ililenga tabaka la juu, na wengi waliikwepa kwa VPN ileile, ingawa ilikula bando zaidi.

Mwaka 2021 mkono ulishuka chini. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 14 Januari, kampuni za simu na intaneti ziliamriwa kufunga malango yote ya intaneti, na huduma haikuanza kurudi hadi tarehe 18. Safari hii VPN haikufaa kitu: bahasha ya siri nayo inahitaji barabara. Kodi pia ilishuka. Julai mwaka huohuo OTT ilifutwa, ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe, bila kujali imebeba nini.

Bila kujali, isipokuwa kwa jambo moja ambalo naona halijapewa uzito wake. Sheria ilisamehe data ya huduma za tiba na elimu. Lakini bando huuzwa kwa megabaiti, na wa kuuza hajui mwanafunzi atalitumia kwa nini. Pakiti ya somo langu na pakiti ya muziki wa jirani hupanda mnara mmoja hapa Ntinda zikiwa zimefungwa sawasawa, na ili msamaha huo umfikie mwanafunzi, lazima mtu fulani njiani afungue mzigo au asome vizuri anwani yake.