Walichora maua yetu bila kuyaona

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga utafika Ngaramtoni, kwenye eneo ambalo wengi bado wanaliita TPRI, ingawa siku hizi ni la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Ukilitaja, watu wanafikiria dawa za wadudu. Kumbe humo ndimo ilimo Hebaria ya Taifa: makabati yenye mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, kila mmoja na lebo inayosema ulichumwa wapi, lini na nani.

Sasa, kama mmea wenyewe upo, mchoro ni wa nini?

Chukua ua la jenasi Impatiens, wale wanaoota kwenye kivuli chenye unyevu milimani kwetu. Likiwa hai, petali zake za pembeni zimeungana mbilimbili, na nyuma lina kijimkia kinachotunza nekta. Ligandamize katikati ya magazeti kwa wiki moja, kisha lifungue. Petali zimeshikana, rangi imefifia, kijimkia kimelala. Jani utalitambua, lakini ua limeshapotea.

Wachoraji wa kwanza wa mimea yetu walipewa vitu kama hivyo. Mwaka 1860 Speke na Grant waliondoka Zanzibar kwenda kutafuta chanzo cha Nile, wakiwa na wapagazi wengi na kiongozi wa msafara, Sidi Mubarak Bombay. Njiani, Grant alikuwa anachuma mimea na kuikausha. Mimea hiyo ilipofika Uingereza, ilichapishwa kati ya 1872 na 1875 na Chama cha Linnean cha London, pamoja na maelezo ya Grant na michoro zaidi ya 100. Mchoraji alikuwa Walter Hood Fitch, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki.

Aliwezaje? Mchoraji wa aina hii huloweka ua kavu kwenye maji ya moto mpaka lilainike, akalifungua kwa sindano chini ya lenzi, akapima na kuhesabu kila sehemu. Kisha analisimamisha upya kwenye karatasi. Ni kazi ya kutegua kitendawili, na si mchezo. Ila mkao wa tawi na rangi halisi vinategemea kile mchumaji alichokumbuka kuandika. Asipoandika, mchoraji anabaki kukisia.

Mtu aliyefanya kinyume chake ni Joy Adamson. Kabla dunia haijamjua kwa habari za simba Elsa, alikuwa anachora maua ya porini Kenya. Mume wake wa wakati huo, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea wa makumbusho ya Nairobi. Joy alichora kwa rangi ya maji, ua likiwa bado bichi mbele yake, na mwaka 1947 alipata medali ya dhahabu ya Grenfell ya chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza.

Halafu kuna kazi kubwa kuliko zote: Flora ya Afrika Mashariki ya Tropiki. Ilianza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012, ikiwa na spishi zaidi ya 12,000 za Tanzania, Kenya na Uganda. Michoro yake ni mistari ya wino mweusi, na sehemu kubwa imetokana na mimea mikavu. Spishi nyingi hazina mchoro kabisa.

Utasema, siku hizi simu zina kamera. Ni kweli, lakini picha inaonyesha mmea mmoja, siku moja, pamoja na jani lililoliwa na mdudu. Mchoro unakuonyesha kile ambacho mimea yote ya spishi hiyo inashiriki, na ua lililopasuliwa katikati ili stameni zihesabike.

Fitch alikaa maelfu ya kilomita kutoka kwenye mmea, akiwa na penseli na subira. Sisi tuna mmea wenyewe kwenye mteremko wa Meru, na hebaria chini yake ya kulinganishia. Msitu ukikatwa kabla hatujachora, wajukuu zetu watarudi kuloweka maua makavu na kukisia, kama yeye. Kwa hiyo anza na mmoja tu: penseli, rula, ua bichi. Hesabu petali kabla hujachora, na andika rangi papo hapo.