Sabuni, mukuba na kipimo kilichochekwa

Ukipita Shituru unafikiria mukuba na asidi. Nani anafikiria mafuta ya ngazi? Kumbe hapa Katanga, wakati wa Union Minière na kisha Gécamines, viwanda vya kusafisha madini vilitumia asidi za mafuta hayo kuelesha malakiti. Molekuli ya sabuni iko na kichwa na mkia. Kichwa kinashika jiwe, mkia unakimbia maji na kushika povu. Madini yanapanda juu, udongo unabaki chini.

Lakini tutie dawa kiasi gani? Ikizidi, molekuli zinajikusanya vikundi, mikia ndani, vichwa nje. Vikundi hivyo vinaitwa miseli, na sabuni iliyofungwa humo haishiki jiwe.

Jambo hili lilianza kujulikana Bristol, Uingereza. Mwaka 1910 James William McBain, mzaliwa wa Kanada, pamoja na Millicent Taylor, walitoa vipimo vya palmitati ya sodiamu. Ni sabuni yenye kubeba jina la mchikichi wetu! Ilikuwa fumbo: vipimo vingine vilionyesha chembe chache ndani ya maji, lakini umeme ulipita vizuri kuliko walivyotazamia. Mwaka 1913, kule London, McBain alieleza: chembe zimekusanyika, na bado zinabeba umeme. Inasimuliwa kwamba mkubwa wa kikao alimwambia huo ni upuuzi. McBain hakutupa kipimo chake. Leo kila kitabu cha kemia ya sabuni kinafundisha miseli.

Na namna ya kuzitafuta ni nyepesi. Chukua maji safi, joto lisibadilike. Ongeza sabuni kidogo kidogo, kila mara andika upitishaji wa umeme, kisha chora. Mstari unapanda, halafu unapinda na kupanda polepole, maana miseli zinashikilia sehemu ya ioni za sodiamu. Pale mistari miwili inapokutana, ndipo miseli zinaanza. Kwa dodesili salfeti ya sodiamu, kwenye digrii 25, ni karibu milimoli 8 kwa lita.

Tunapenda kusema hatuna labo. Kifaa cha kazi hii kinaingia mkononi. Na kipimo chako kikikataa maneno ya wakubwa, usiogope: pima tena. Kikirudi vilevile, kiandike.