Kobe wa Aldabra na Meli Ndogo

Kiswahili humtenga kobe wa nchi kavu na kasa wa baharini. Mabaharia wa Ulaya waliopita visiwa vya Bahari ya Hindi walikuwa na sababu yao ya kumpenda kobe: aliweza kukaa ngamani miezi mingi bila ya kulishwa, akawa nyama mbichi ya safari. Basi kobe wakubwa wa Morisi na Rodrigues waliliwa hata wakatoweka. Wa Aldabra, katika Shelisheli, walisalimika kwa kuwa mbali: zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé. Mwaka 1874 Charles Darwin na wenzake walimwandikia gavana wa Morisi wakiomba walindwe.

Uingereza ilitaka kujenga huko uwanja wa ndege za kijeshi; mpango uliachwa mwaka 1967, na twadhani uhaba wa fedha ulisaidia kuliko huruma. Hivyo mgeni wa Aldabra hufika kwa bahari tu. Safari za meli ndogo za namna hii zilipata umbo lake kwa Lars-Eric Lindblad, aliyeunda Lindblad Explorer mwaka 1969. Wageni hushushwa katika mashua za mpira, nao hungoja maji yajae, kwani ziwa la ndani ya kisiwa karibu hukauka maji yakitoka. Hutazama, wakarudi melini mikono mitupu.

Kwetu Unguja, kobe wanne wa Aldabra waliletwa Changuu mwaka 1919, wakazaana sana. Kufikia mwaka 1996 wezi walikuwa wamebakisha saba.