Wakalimani wa njia ya Tabora

Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama katika chuo kikuu kimoja cha nchi hii. Husimama kando ya mhadhiri na kuyatia mikononi maneno yake ili wanafunzi viziwi nao wayapate. Wiki hii naomba niwazungumzie wakalimani waliotutangulia, maana mimi ni mzaliwa wa Tabora, na mji huo uliishi kwa ukalimani tangu ulipoitwa Kazeh.

Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliingia Kazeh wakitokea pwani. Pamoja nao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, kisha akarejea Zanzibar akiwa mtu huru. India ndiko alikojifunza Kihindustani. Speke, aliyekuwa askari huko, alikijua kiasi. Basi swali la Speke lilitoka kwa Kihindustani, Bombay akaligeuza Kiswahili, na mtu wa tatu akalifikisha kwa lugha ya bara. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka uliofuata Burton alibaki Kazeh. Speke na Bombay wakaenda kaskazini, na mwezi Agosti wakaliona ziwa lile linaloitwa Victoria. Speke aliporudi na kudai kuwa hilo ndilo chimbuko la mto Nile, Burton alikataa. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa hiyo ngazi ya lugha: eti maneno yaliharibika njiani. Lakini ziwa lilikuwapo, na Nile unatoka humo. Aliyetiwa shakani kwanza ni mkalimani. Wenzangu wa kazi watanielewa nikisema hilo halijabadilika sana.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua mimi. Mhadhiri wa historia husema, "Msafara ulipita Tabora ukiwa na wapagazi wengi," akaendelea na mengine. Kwa Kiswahili sentensi imetimia. Mikononi mwangu haijatimia. Hao watu wanatembeaje? Mzigo uko begani na mtu yu huru, au shingo imefungwa mnyororo? Katika njia ile walipita wote wawili. Wanyamwezi wengi walikuwa vibarua wa hiari: walipatana ujira, walilipwa kwa merekani, shanga na nyaya za shaba, walibeba frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, na wakidhulumiwa walijua kutua mizigo na kugoma. Lakini palikuwapo pia waliopelekwa Bagamoyo na Unguja kuuzwa. Anayesikia anaweza kubaki na neno "msafara" tu, akalitafakari baadaye. Kiziwi anaondoka na picha niliyompa. Mjukuu wa mpagazi aliyegoma hastahili kuonyeshwa babu yake akiwa kwenye mnyororo.

Kwa hiyo huwauliza wahadhiri kabla ya kipindi. Wapo wanaonipa maandishi yao siku moja kabla, Mungu awabariki. Wapo wanaoniambia, "Wewe fasiri tu."

Halafu yapo majina. Unyanyembe ni herufi kumi za vidole. Nikifika ya kumi, mhadhiri yuko kwa Mirambo na vita vyake na Waarabu vya mwaka 1871. Tunachofanya ni kukubaliana alama moja na wanafunzi. Si rahisi, kwa maana wametoka shule mbalimbali zenye alama zinazotofautiana. Ya kwanza kati ya hizo iko Tabora kwetu, ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Chama cha Viziwi Tanzania kilitoa kamusi ya alama mwaka 1993, lakini haiwezi kubeba kila neno la chuo kikuu.

Kwingineko wakalimani wawili hupokezana kila dakika ishirini hivi. Mimi husimama peke yangu saa mbili. Bombay alipata pensheni kutoka Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha London hadi alipofariki mwaka 1885. Wakalimani wengi ninaowafahamu hulipwa kwa saa, na chuo kikifungwa hawana kitu. Mmoja akichoka akaondoka katikati ya muhula, anayekuja hazijui alama walizokubaliana. Anaanza upya kwa vidole: U, N, Y.