Sebule

Sebule ni chumba cha kupokelea wageni na kupumzikia. Katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa, nchini Tanzania, chumba hicho hicho hutumika kutazama televisheni jioni, kisha usiku hulaza mgeni.

Kwa desturi ya pwani mgeni huweza kuishia barazani, nje ya mlango. Mbeya iko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai baridi haimruhusu mtu kukaa nje usiku. Miezi hiyo jua hupita upande wa kaskazini, hivyo dirisha la upande huo hukipasha chumba joto mchana, na dari hulizuia lisipotee upesi.

Makochi hupangwa ukutani ili meza ikiondolewa godoro lipate nafasi.

Hatari kubwa ni jiko la mkaa linaloachwa ndani mgeni akilala. Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu usingizini. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko hutolewa nje kabla ya kulala, na mgeni huongezewa blanketi.